Kikao cha Wadhamini, Dzaleka

Kikao cha wadhamini huanza siku 14 kabla ya wajumbe kukaa. Katiba ya shirika imetaja siku hizo, na katibu hapunguzi hata moja. Anafungua kaunta buku lenye jalada gumu, anaweka rula, anapiga mstari, kisha anaandika ajenda kwa mwandiko ambao mtoto wa darasa la nne angeweza kuusoma: kufungua kikao, akidi, kutangaza maslahi, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, taarifa ya fedha, usalama wa watoto, mengineyo. Ukurasa ukikamilika anaupiga picha na kuutuma kwa wasapu. Wajumbe wawili hawana simu ya kupokea picha, kwa hiyo anainakili ajenda mara mbili kwa mkono na kuwapelekea nyumbani kwa miguu. Hatumi mtoto. Anataka kuona kwa macho yake kwamba karatasi imefika, na kila anayeipokea anatia saini yake kwenye daftari dogo la mfukoni.

Shirika lenyewe ni dogo, nami sitalitaja jina kwa ajili ya watoto. Liko Dzaleka, wilaya ya Dowa, kati ya kilomita 40 na 50 kaskazini mwa Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa kuhifadhi watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kisimani na kanisani. Watoto wanasoma asubuhi katika madarasa yaliyofurika. Aliyeanza shule kwa Kifaransa huko Uvira au kwa Kirundi huko Bujumbura anakuta somo la hesabu linafundishwa kwa Kichewa, na baadaye kwa Kiingereza. Ndiyo maana ya shirika hili: mchana, shule zikifungwa, watoto wanakuja kufanya kazi za nyumbani, kusoma kwa sauti, kucheza mpira na kunywa uji wa likuni phala. Wanaofundisha wanapata posho ndogo. Wadhamini hawapati kitu, na katiba inawakataza kupata.

Watu wengi wakilisifu shirika la namna hii huwasifu walimu na watoto, na ni haki yao. Mimi nimekaa kwenye kona ya chumba nikiwatazama wadhamini, kwa kuwa kazi yao haionekani mpaka siku itakapokosekana.

Sheria ya Malawi inajua wadhamini tangu zamani. Sheria ya kuandikisha wadhamini ni ya mwaka 1962. Kundi la wadhamini likishapewa cheti chini yake, linakuwa mtu mmoja mbele ya sheria, lenye mhuri wake, linaloweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na halifi mwanachama mmoja akifa au akipata makazi Kanada. Kwa kambi ya wakimbizi, ambako watu huondoka ghafla ndege inapopatikana, sharti hilo la mwisho lina uzito ambao pengine walioitunga sheria hawakuuwaza. Baadaye ikaja sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2000, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, na mamlaka inayoisimamia, NGORA, iliyoko Lilongwe. Inadai taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Inataka pia angalau wadhamini wawili wawe raia wa Malawi.

Basi wawili hao wanatoka Lilongwe. Mmoja ni mwalimu mstaafu, mwingine ni mhasibu ambaye chumba kizima kinamwita Amayi, kwa heshima ya Kichewa. Wanapanda minibasi asubuhi, wanafuata barabara ya M1, wanashuka wakiwa na vumbi la safari na mkoba wa plastiki uliojaa karatasi. Wakimbizi hawaruhusiwi kutoka kambini bila kibali, na tangu serikali ilipoamuru mwezi Machi 2023 kwamba waliokuwa wakiishi nje warudi Dzaleka, na polisi wakaanza kuwaondoa watu Lilongwe mwezi Mei, safari ya mjini imekuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Kwa hiyo karatasi ndizo zinazosafiri. Taarifa ya benki inakuja kambini mkobani mwa Amayi, na hesabu zilizofungwa zinarudi mjini mkobani humohumo.

Chumba ni darasa lililofagiliwa. Madawati mawili yameunganishwa kuwa meza, na juu yake kuna kaunta buku, mhuri ndani ya mfuko wa kitambaa, jalada la risiti, na kasha la chuma. Saa nne wamefika wanne. Akidi ni watano. Mzee mwenyekiti anatazama saa, anasalimia, anauliza habari za wagonjwa, lakini hafungui kikao. Mtu mmoja anapendekeza waanze na mambo mepesi wakati wakimsubiri wa tano. Mzee anatikisa kichwa. "Tukianza wanne, tutakuwa tumepiga gumzo tu," anasema, na anaendelea kungoja na mikono yake juu ya meza. Wa tano anaingia akihema, ametoka kwenye foleni ya maji, na wengine wanafuata nyuma yake. Katibu anaandika saa na dakika, na hapo ndipo kikao kinafunguliwa kwa sala fupi.

Kisha Mzee anauliza swali analouliza kila mara, kwa maneno yaleyale: je, kuna mjumbe yeyote mwenye maslahi yake, ya mke, ya mume, ya ndugu au ya biashara, katika jambo lolote lililo kwenye ajenda? Kimya kinapita. Haharakishi kimya hicho. Mjumbe mmoja, fundi cherehani, anainua mkono. Mkewe anakaanga mandasi, na leo watajadili nani awauzie watoto mandasi za Ijumaa. Katibu anaandika jina, jambo na uhusiano. Hakuna anayecheka wala kumtazama vibaya. Baadaye, hoja ikifika, fundi anasimama mwenyewe na kutoka, anakaa kwenye kivuli cha mti nje, mbali kiasi cha kutosikia. Muhtasari unaandika saa aliyotoka na saa aliyorudi. Ndani wanalinganisha bei tatu zilizoandikwa kwenye karatasi tatu, na ya mkewe si ya chini. Wanamchagua mwingine. Fundi anaporudi anaambiwa uamuzi kwa sentensi moja, anaitikia "sawa", na wanaendelea. Nimewahi kuona vikao vikubwa vya watu wenye digrii ambavyo havikuweza kufanya hilo dogo bila kununiana.

Kuthibitisha muhtasari ni mahali ambapo wengi husinzia. Katibu anausoma wote kwa sauti, kwanza kwa Kiingereza kama ulivyoandikwa kwa ajili ya ofisi za Lilongwe, kisha aya kwa aya kwa Kiswahili, na mwalimu mstaafu anafuata kwa kidole kwenye nakala yake. Ukurasa wa pili kidole kinasimama. Muhtasari unasema mikeka ya chumba cha kusomea itanunuliwa kabla ya mwisho wa mwezi. "Itanunuliwa na nani, Papa katibu?" Katibu anarudi kwenye daftari lake la mwanzo, lile aliloandikia harakaharaka siku ya kikao, anatafuta, anapata jina. Hafuti kwa wino mweupe wala hachani ukurasa. Anapiga mstari mmoja juu ya maneno yenye kasoro, ili bado yasomeke, anaandika yaliyo sahihi pembeni, anatia herufi za jina lake na tarehe. Mzee naye anatia zake. Ndipo anasaini kila ukurasa, hata ule wenye mistari mitatu tu, na anakata kwa mstari wa mshazari nafasi iliyobaki wazi chini ili mtu asije akaongeza kitu.

Yatokanayo yana jedwali lake lenye safu nne: agizo, mtekelezaji, tarehe, hali. Kama mshona mkeka anavyokaza mshono uliopita kabla ya kuongeza ukili mpya, Mzee hapokei jambo jipya mpaka ya zamani yameulizwa yote. Kitasa cha mlango wa choo cha wasichana: kimewekwa. Bati linalovuja: limezibwa, lakini mvua haijalijaribu, kwa hiyo hali inaandikwa "bado", si "tayari". Barua ya kushukuru kwa kanisa lililotoa madaftari: haijaandikwa. Aliyepewa kazi hiyo anaanza kueleza kuhusu mtoto wake aliyelazwa. Mzee anampa pole, anamuuliza anahitaji siku ngapi, anapewa jibu la siku tano, na siku tano zinaandikwa. Hasira haipo, na kusahau hakupo.

Sasa anafungua kasha Mama Hazina, mweka hazina.

Kasha lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mtindo huu anaujua kila mtu hapa kutokana na banki mkhonde, vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo vimeenea Malawi nzima, na Mama Hazina anasema mikono yake ilizoea kuhesabu fedha za watu tangu Kongo, kwenye likelemba, upatu wa wanawake wa soko. Kufuli ya tatu inapofunguka anatoa vitu kwa mpangilio: leja, kitabu cha hati za malipo, bahasha ya risiti, kitambaa chenye noti. Anavipanga kushoto kwenda kulia. Hahesabu fedha kabla mtu wa pili hajasogea karibu.

Njia ya kila kwacha iko mezani. Anayetaka kununua chaki anajaza ombi. Wawili wanaidhinisha. Mama Hazina anaandika hati ya malipo yenye namba, anatoa masurufu, mpokeaji anasaini. Ndani ya siku saba masurufu yanarejeshwa: risiti na chenji, hata kama chenji ni kwacha hamsini. Muuzaji wa kuni hana risiti, basi Mama Hazina ana kikaratasi alichokichapisha mjini chenye nafasi ya jina la muuzaji, kiasi, saini au dole gumba, na saini ya shahidi. Kila risiti inabandikwa kwenye hati yake, na kila hati ina namba iliyoandikwa pia kwenye leja. Ukichukua mstari wowote wa leja unafika kwenye karatasi, na ukichukua karatasi yoyote unafika kwenye mstari. Amayi anajaribu kwa kubahatisha: anafumba macho, anaweka kidole kwenye leja, anaomba hati. Inatoka. Anarudia mara tatu. Zote zinatoka.

Kisha wanahesabu fedha taslimu. Anahesabu Mama Hazina, anahesabu upya fundi cherehani, wanaandika kila mmoja kwenye karatasi yake bila kuonyeshana, wanafunua. Wamelingana. Leja, hata hivyo, inasema ndani ya kasha lazima kuwe na kwacha 4,500 zaidi.

Chumba kinabadilika. Shirika linaweza kuvunjika kwa tofauti ndogo kama hii. Fedha zinaweza kurejeshwa, lakini jina lililochafuliwa kwa shutuma halirudi. Mzee hasemi neno. Mama Hazina anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena, anarudi juu ya ukurasa na kuanza kujumlisha upya kwa penseli. Amayi anachukua kipande cha karatasi na kugawanya 4,500 kwa 9. Inagawanyika sawasawa, 500. "Mama, tafuta tarakimu zilizopinduka," anasema kwa upole. Wahasibu wanalijua jambo hili: mtu akibadilishana nafasi ya tarakimu mbili, tofauti itakayotokea daima hugawanyika kwa 9. Kwa hiyo hawatafuti tena mwizi. Wanatafuta namba. Wanashuka mstari kwa mstari, mmoja akisoma hati, mwingine akisoma leja. Hati ya penseli na chaki inasema 7,200. Leja inasema 2,700.

Mama Hazina anapiga mstari mmoja, anaandika 7,200 juu, anatia herufi zake. Amayi anatia zake. Jumla inarekebishwa hadi mwisho wa ukurasa, na kila jumla iliyoguswa inasainiwa. Katibu anaandika katika muhtasari kwamba tofauti ilionekana, chanzo chake, na namna ilivyosahihishwa. Wangeweza kuiacha isiandikwe, maana imeisha na hakuna kilichopotea. Mama Hazina mwenyewe ndiye aliyesema iandikwe.

Bajeti inawachukua muda mrefu zaidi. Mwezi Mei 2022 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25, na Novemba 2023 dola iliyokuwa takribani kwacha 1,180 ikawa 1,700 kwa siku moja. Tangu hapo Mama Hazina ameongeza safu katika jedwali lake: bei ya wakati bajeti ilipopitishwa, karibu na bei ya leo. Unga wa likuni phala na sukari vimepanda kuliko daftari. Mjumbe mmoja anataka watumie fungu la akiba, fedha zinazotosha kuendesha shirika miezi mitatu likikosa mfadhili. Mwalimu mstaafu anauliza tu: mwezi wa nne tutasema nini kwa watoto? Wanajadiliana kwa Kiswahili, kwa Kichewa, na kidogo kwa Kifaransa pale hasira inapotaka kupanda. Mwisho wanakubaliana uji ubaki kila siku, safari ya watoto iahirishwe, na mikeka inunuliwe nusu. Akiba haiguswi. Kura hazihitajiki, lakini Mzee anamtaja kila mjumbe kwa jina na kumuuliza kama ameridhika, ili asipatikane mtu wa kusema baadaye kwamba alikuwa kimya tu.

Kuhusu usalama wa watoto wanapita haraka zaidi, kwa sababu kanuni ziko ukutani na zinajulikana. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa. Kila anayejitolea ameleta watu wawili wanaomfahamu wa kumthibitisha, na mmoja lazima awe nje ya familia yake. Kuna sanduku la malalamiko, linalofunguliwa na wajumbe wawili kwa pamoja, mmoja wao mwanamke. Leo lina karatasi moja: mtoto ameandika kwamba uji una sukari kidogo. Inasomwa, inaandikwa, inapewa jibu. Naiona hekima ndani yake: mtoto anayejua kwamba neno la sukari lilisikilizwa ataandika pia siku atakapokuwa na neno zito.

Lililobaki linamhusu Mzee mwenyewe. Katiba inampa mwenyekiti vipindi viwili, na cha pili kinaisha mwaka huu. Anayetarajiwa kumfuata, mama kijana aliyesoma sekondari hapahapa kambini, ameketi kando yake miezi yote hii. Leo Mzee anampa sehemu ya mengineyo aiendeshe. Anakosea mara moja, anaruhusu hoja isiyokuwa na mtoa hoja. Mzee anagusa ukingo wa ajenda kwa kidole, hasemi kitu, naye anajirekebisha. Mashirika mengi ya kambini, na mengi sana ya nje ya kambi, ni ya mtu mmoja: mwanzilishi ana mhuri, ana saini, ana simu ya mfadhili, na akiondoka kila kitu kinaondoka naye. Ninaamini mtu anayemfundisha mrithi wake akiwa bado na nguvu anafanya sehemu ngumu kuliko zote ya kazi hii.

Kikao kinafungwa saa nane kasoro. Kufuli tatu zinafungwa, kila mmoja anaondoka na ufunguo wake. Mhuri unarudi ndani ya kitambaa. Wajumbe wa Lilongwe wanapewa jalada la kupeleka kwa mkaguzi wa hesabu, katibu anaandika orodha ya vilivyomo, na Amayi anasaini kupokea ingawa wamefahamiana miaka. Watoto wameanza kuingia, wanapanga madawati yao, mmoja anaomba chaki.

Muhtasari utaandikwa kwa usafi ndani ya siku saba. Mashirika ya namna hii yapo mengi Dzaleka, na yaliyoandikishwa NGORA yanapaswa kuwa na angalau raia wawili wa Malawi kwenye bodi. Wewe unayeishi Lilongwe, ukiwa mhasibu, mwalimu, mwanasheria au karani mstaafu, nauli ya minibasi na Jumamosi moja kila baada ya miezi mitatu zinatosha kuanzia. Nenda, omba kuona katiba yao na leja yao, na kama vinasomeka, kubali kuwa mdhamini.